Tulipoupiga Upya Wimbo wa Lango Wazi

Chombo changu cha muziki kilikuwa chupa. Nasema hivyo mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, tumalizane. Ilikuwa chupa ya soda, ile ya zamani yenye mikunjo ubavuni, na nilikuwa nikiikwaruza kwa msumari wa inchi nne. Kwa miaka kumi na mmoja nilisimama kando ya wapiga gitaa wawili nikikwaruza, na sikuwahi kuona haya. Gitaa bila chupa siku hizo lilikuwa chai bila sukari. Ilinyweka, lakini kwa adabu tu.

Tulikuwa watu watatu, wote tumetoka upande wa ziwa. Kiongozi wetu alikuwa seremala, na chumba chake cha Mashimoni, kule Kibera, kilipakana na changu. Yeye ndiye aliyetunga nyimbo na kuziimba. Mpiga gitaa wa pili alikuwa mpishi kwa watu wa Kilimani, mtu mpole ambaye hata akikanyagwa mguu huomba msamaha. Mimi nilikuwa dobi. Mchana nilifua mashuka ya hoteli, jioni nilikwaruza chupa, na katikati ya hayo mawili nilikuwa nikigombana na watu, maana nina hasira za karibu tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimekunja ngumi.

Shida yetu kubwa ilikuwa mahali pa kufanyia mazoezi. Vyumba vya Mashimoni ukikohoa jirani anakwambia pole. Nusu ya wapangaji walikuwa na zamu za usiku, wakilala mchana, na mwenye nyumba alikuwa ametuambia akisikia uzi mmoja wa gitaa tena, tutafute kwingine. Ndipo kiongozi alipopata kazi ya kutengeneza milango ya mama mmoja Kawangware, pale wanapopaita Arobaini na Sita. Alikuwa mjane, Mkikuyu, mwenye ploti yake mwenyewe aliyoachiwa na mume, vyumba safu mbili vilivyotazamana, ua katikati. Milango ilipokwisha, kiongozi aliona lango la ploti halina komeo, akajitolea kumwekea moja bila malipo. Mama akakataa.

"Komeo la nini?" alimwuliza. "Mwizi ataruka tu. Atakayerudi ni mgeni."

Kiongozi alirudi Mashimoni na maneno hayo mdomoni kama mtu aliyeokota sarafu njiani. Jumapili iliyofuata alituchukua sote tukatembea mpaka kule, tukavuka barabara ya Ngong, gitaa mabegani, chupa yangu mfukoni. Mama akatutazama, akatuuliza tumekula, akatuambia: "Hapa Jumapili baada ya kanisa hakuna anayelala. Pigeni."

Tulipiga pale Jumapili kwa Jumapili. Wengine kwenye mtaa walimwuliza mbona analeta watu wa ziwa na kelele zao uani kwake. Akawajibu kwamba kelele ni za wageni wake, na wao wakitaka za kwao wanunue gitaa. Nilimpenda sana mama yule. Nasema wazi, kwa sababu kwa miaka mingi sikumwambia.

Wimbo wake ulizaliwa pale pale. Kiongozi aliutunga kwa Kiswahili ili mwenyewe auelewe, akamwita Mama wa Lango Wazi. Kwetu kuna desturi tunayoiita pakruok: ngoma ikikolea husimamishwa, mtu akasifiwa kwa majina ya heshima, kisha ngoma ikaendelea. Basi katikati ya wimbo tuliweka kituo. Gitaa zote mbili zilinyamaza, ikabaki chupa yangu peke yake ikitembea, na kiongozi akiuliza kwa sauti: "Mama wa lango wazi, unatusikia?" Mara ya kwanza alikuwa jikoni, na bila kutoka akajibu kwa kelele: "Nawasikia! Pigeni, chai inakuja!" Tulicheka karibu tuangushe gitaa. Tangu siku hiyo, kila tulipofika kwenye kituo na kuuliza, alijibu hivyo hivyo, na chai ilikuja kweli.

Tuliurekodi kwenye santuri miaka michache baada ya uhuru, katika chumba cha nyuma huko River Road. Ukapigwa redioni, ukapigwa hotelini, na wanawe mama wakamnunulia radiogramu, lile kabati kubwa la mbao lenye redio na mahali pa santuri, hasa kwa ajili ya wimbo huo. Dakika ile ya kituo, chupa yangu peke yake, ilikuwa ndiyo dakika yangu duniani. Nilikuwa nikisimama nje ya duka linalouza santuri nikisubiri ifike.

Miaka ikaenda. Kufikia mwisho wa miaka ya sabini watu walikuwa wamebadilika masikio. Kwenye mabaa walitaka gitaa za umeme na besi inayopiga kifuani, na dramu, ile seti nzima ya ngoma na visahani ambayo mtu mmoja huipiga kwa mikono na miguu. Sisi na gitaa zetu za boksi tukawa watu wa harusi za wazee. Siku moja mwenye studio ya River Road akamwita kiongozi. Nyimbo zenu za zamani bado zinaulizwa, akamwambia, lakini kijana wa leo akizisikia anadhani redio imeishiwa betri. Njooni mzipige upya, nzito. Alitaka nne, na wa kwanza uwe Lango Wazi. Bila huo, alisema, hakuna siku ya studio.

Kiongozi alirudi akiwa ameng'aa uso. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na miwili, na alikuwa ameanza kuamini kwamba jina lake litabaki kwenye viti na vitanda tu. Usiku ule niliisikia randa yake upande wa pili wa ukuta, akipiga mbao huku anaimba. Mpiga gitaa wa pili alikubali kuhamia kwenye besi. Akaletwa pia mtu mpya wa dramu, mzee kidogo kuliko sisi, aliyestaafu kutoka bendi ya askari, mgongo umenyooka kama mlingoti wa bendera.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji nikaugua. Kwenye seti yake kulikuwa na visahani viwili vya shaba vinavyogongana kwa kukanyagwa, na vile visahani vilifanya kazi yangu yote. Alikuwa akivikanyaga kwa mguu wa kushoto huku anatafuta leso mfukoni. Miaka kumi na mmoja ya mkono wangu, na yule bwana anaifanya kwa mguu, akifuta pua! Hakuna aliyeniambia niondoke. Hakuna aliyeniambia nikae wapi vilevile, na mimi sikuuliza. Niliona gitaa za umeme zimekuja, nikaona kituo kimekwisha, na nikaamua moyoni kwamba wimbo ule hautapigwa mzito nikiwa hai.

Nilijua pa kupitia. Baba mkubwa wa kiongozi alikuwa mpiga nyatiti, kinanda cha nyuzi cha huko kwetu, na alimfundisha neno moja ambalo kiongozi alilishika kuliko amri za kanisa: sifa ni nguo ya mtu, huwezi kuipaka rangi nyingine naye ameivaa bila kumwuliza. Kwa hiyo wimbo wa Lango Wazi ulikuwa wa mama. Akisema usibadilishwe, kiongozi asingeugusa, hata apewe studio nzima.

Jumatano, siku yangu ya mapumziko, nikaenda Kawangware peke yangu. Nilimkuta mama uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amezeeka, lakini si sana. Kwa miaka miwili hivi alikuwa amepoa. Hakuwa akijibu tena kwenye kituo. Tulipouliza anatusikia, alitabasamu tu, na sisi tulidhani ametuzoea, au amekuwa mtu mzima wa kanisa asiyepiga kelele. Tulishindwa kumwuliza. Mtu utamwulizaje mbona hujibu wimbo?

Nikakaa kwenye kigoda na kumwaga yangu yote. Nikamwambia wanataka kuuharibu wimbo wako, Mama. Wanaleta umeme, wanaleta askari mmoja na masufuria yake, hata jina lako halitasikika. Wewe ndiye mwenye wimbo. Ukikataa, umekataa. "Sivyo, Mama? Ubaki vile ulivyokuwa?"

Alikuwa akiutazama uso wangu kwa makini, kama mtu anayesoma barua. Akatabasamu, akatikisa kichwa juu na chini. "Ndiyo, ndiyo, mwanangu," akasema. "Vizuri sana."

Halafu akarudi kwenye maharagwe yake. Yule mama ambaye miaka yote ukimwambia umenunua viatu atakuuliza duka, rangi na kama vinabana, siku hiyo hakuniuliza hata swali moja. Nililiona jambo hilo. Naapa niliona. Lakini mtu aliyepata alichokuja kukitafuta haangalii tena chini, nikaondoka nikiwa nimeridhika.

Jioni nikawaambia wenzangu: "Mama amekataa."

Nilitazamia ugomvi, na nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi, ndiyo kazi niiwezayo. Kiongozi hakugombana. Aliliweka gitaa kitandani, akaketi kando yake. "Amekataa kwa mdomo wake?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi." Kesho yake akaenda River Road kueleza, na mwenye studio akamwambia alichokwisha kumwambia: bila Lango Wazi, siku ya studio atapewa mwingine.

Wiki mbili zile sitaki kuzirudia. Randa ilinyamaza. Mpiga gitaa wa pili, yule anayeomba msamaha akikanyagwa, alikuwa akinisalimu huku anatazama ndoo. Mimi nilikuwa nimeshinda, na kila nikilala nilijiona kama mtu aliyeiba kuku wa jirani halafu jirani akamwomba amsaidie kumtafuta. Mara tatu nilifika mlangoni kwa kiongozi kumwambia. Mara tatu niliomba kiberiti.

Jumamosi ya pili kiongozi akabisha kwangu asubuhi. "Omera," akaniita, maana ndivyo tunavyoitana sisi ndugu wa ziwa, "nimefikiri. Simbishii mama. Lakini amekataa kitu ambacho hajakisikia. Tukampigie, asikie kwa masikio yake. Akikataa tena, nitairudisha hii gitaa ya umeme kwa mwenyewe na tutarudi kwenye harusi."

Walikuwa wameazima amplifaya na spika kubwa kutoka baa moja. Vyote vilipakiwa kwenye mkokoteni, pamoja na dramu, na kwa kuwa mimi sikuwa na chombo cha kubeba ila chupa, mimi ndiye niliyepewa kusukuma. Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee. Wazee hawakusukuma spika kutoka Mashimoni hadi Kawangware. Kwenye kila mwinuko nilimwambia Mungu gurudumu moja lingevunjika ningeenda kanisani mwaka mzima. Magurudumu yalikuwa mazima sana.

Mama alitupokea kwa mikono miwili. Aliketi barazani kwenye benchi lake, mgongo kwenye ukuta wa mbao wa chumba chake. Mke wa mwanawe mkubwa akapitisha waya wa umeme dirishani. Kiongozi akasema tuanze kwa heshima, tuupige kwanza jinsi alivyouzoea, gitaa za boksi na chupa. Nikasimama mahali pangu. Mama akaanza kutikisa kichwa, macho yake kwenye mkono wangu, na mimi nikajisemea moyoni, unaona, anautaka huu, sikusema uongo mkubwa.

Ubeti wa pili jasho likanitoka, msumari ukaniponyoka. Ukaanguka kwenye saruji, ukabingirika mpaka chini ya mkokoteni. Nikainama kuutafuta. Nilipoinua kichwa, chupa imenyamaza mkononi, nilimwona mama. Alikuwa amefumba macho, na bado anatikisa kichwa, lakini si kwa mwendo wetu. Gitaa zilikuwa zinakwenda huku, kichwa chake kikienda kule, polepole, kikifuata wimbo mwingine uliokuwa ndani yake.

Nikazunguka nyuma ya benchi na msumari wangu. Nikaikwaruza chupa kwa nguvu zote, hatua moja kutoka sikioni mwake. Hakugeuka.

Kiongozi akafika kwenye kituo, akauliza: "Mama wa lango wazi, unatusikia?" Mama akafumbua macho, akaona midomo yetu imesimama, akatabasamu na kutupigia makofi.

Mke wa mwanawe ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, ingawa hakukuwa na haja ya kuishusha. "Ni miaka miwili sasa. Ukimwita amekupa mgongo hageuki. Hataki tuseme. Anatazama mdomo wa mtu, akikosa anaitikia ndiyo."

Nilihisi masikio yangu mwenyewe yanawaka. Miaka miwili nilikuwa nikimkwaruzia chupa yule mama, na yeye alikuwa anautazama mkono. Na ile "ndiyo" niliyoibeba kutoka kwenye ungo wa maharagwe na kuipeleka Mashimoni kama hukumu, ilikuwa "ndiyo" ya mtu ambaye hakusikia hata neno moja na aliona haya kuuliza.

Wakati huo mpiga gitaa wa pili, ambaye asipojua la kufanya hufanya kazi, alikuwa amechomeka besi. Spika waliiegemeza kwenye ukuta ule ule wa mbao. Akaugusa uzi mnene kuupima, mara moja tu. Ukuta ukanguruma. Mama akashtuka, akageuka haraka, akaweka kiganja chake kwenye mbao.

"Nani huyo?" akauliza.

Kiongozi akamwashiria mpiga besi, nao wakaanza Lango Wazi. Mzito. Ngoma ya mguu ya yule askari ilikuwa inapiga kama mtu anayetwanga, na besi ikipita chini yake. Mama alisimama. Aliweka kiganja cha pili ukutani, kisha akaweka shavu. Midomo yake ikaanza kusema maneno ya wimbo, na safari hii yalikuwa maneno yale yale tuliyokuwa tunayaimba, mahali pale pale.

"Mmerudi!" akasema kwa kelele, jinsi wasemavyo watu wasioisikia sauti yao wenyewe. "Nyinyi mlikuwa mmeenda wapi? Siku nyingi mnanipigia kidogo kidogo, kidogo kidogo. Nikadhani mmenichoka."

Kiongozi aligeuza uso akatazama lango. Mimi sikuwa na pa kuutazamisha wangu.

Wimbo ulifika kwenye kituo. Gitaa zikakatika, besi ikakatika, dramu ikakatika. Kiongozi akanitazama na kunipa ishara ya kidevu, kama zamani, na mimi, bila kufikiri, nikaanza kukwaruza. Chupa peke yake. Hapo nilielewa kwamba walikuwa wameniachia mahali pangu tangu mwanzo, na hapo hapo nikaona kiganja cha mama kimesimama ukutani. Alitutazama mmoja mmoja. Kwake yeye wimbo ulikuwa umezimwa. Gitaa ziliporudi akaanza upya kuutafuta, amechelewa, na swali la kiongozi lilikuwa limekwisha kupita.

Tulitaka kurudia. Tulipoanza tu, fyuzi ikaungua, ploti nzima ikakosa umeme, na mpangaji mmoja aliyekuwa anapiga pasi akatoka nje na shati lenye mkono mmoja ulionyooka kutuuliza tunajiona sisi ni akina nani. Mama akamwambia tulikuwa wageni wake. Akatuambia wimbo tuupige hivyo hivyo, na nguvu, na tukipata nguvu zaidi tuongeze.

Tukiwa njiani, nikisukuma mkokoteni, nilimwambia kiongozi yote. Kwamba mama hakukataa. Kwamba hakunisikia, nami sikutaka kujua kama amenisikia. Tulitembea mpaka tukavuka barabara ya Ngong.

"Kwa nini?" akauliza mwishowe.

"Nilidhani mmenitoa."

"Kituo ni chako," akasema. "Tulikubaliana hivyo siku askari alipokuja, mimi na yeye na huyu. Ungeuliza tu, omera. Mdomo unao wa kugombana, wa kuuliza huna?"

Ningependelea anipige. Tulipofika Mashimoni alinisaidia kushusha spika, na usiku ule randa ikaanza tena kupiga mbao. Asubuhi alikwenda River Road, akapewa siku iliyobaki, Alhamisi.

Nilikuwa nimesamehewa, nilikuwa na kituo changu, na ningeweza kunyamaza nikashukuru. Dakika yangu duniani ingekuwa kwenye santuri ya pili, mbele ya watu wengi kuliko ya kwanza. Nilikaa na chupa mapajani siku mbili. Kila nikiikwaruza nilikiona kile kiganja kimesimama kwenye mbao. Sijui kuandika vizuri jinsi ilivyoniuma. Nilikuwa nikiipenda ile dakika, na mwenye wimbo hakuwamo ndani yake.

Jumanne nikaenda kwa mzee wa dramu. Nilikuwa sijawahi kumwita kwa heshima hata siku moja. Nikamwambia, "Mzee, nataka nikufundishe chupa. Kwa ngoma ya mguu." Alinitazama, akavuta kiti, akaniuliza inatembeaje. Nikampigia mezani kwa kiganja: mbili za haraka, moja ya kuvuta, moja ya kuacha. Mguu wake ulikuwa umezoea gwaride, ukawa unataka kunyooka kila mahali. "Tena," alisema. "Tena." Alisema tena mpaka chai ikapoa. Ilipokaa, ilikaa. Chupa yangu ilikuwa imeshuka chini kabisa, imekuwa nene, lakini ule mwendo ulikuwa wangu, ningeutambua popote. Yule mzee akanipa mkono na kusema mwendo mgumu kama ule hakufundishwa miaka yote ya bendi.

Studio ilikuwa chumba chenye trei za mayai ukutani. Kiongozi aliposikia tulichofanya kwenye kituo alinisogezea tu kipaza sauti. "Basi swali uliza wewe," akasema. Sijawahi kuogopa hivyo. Ilipofika, gitaa zikanyamaza, mguu wa mzee ukaanza kutembea mwendo wa chupa, nami nikaita kwa sauti iliyokuwa kubwa mno: "Mama wa lango wazi, unatusikia?" Halafu tukaacha nafasi, kama tulivyozoea uani, kabla gitaa hazijarudi.

Mwenye studio akafungua mlango. Alitaka kukata pale. Akasema kuna mahali patupu baada ya swali, santuri itaonekana mbovu.

"Si patupu," kiongozi akamwambia. "Pale kuna mtu anajibu."

Santuri zilitoka baada ya miezi miwili. Hatukusubiri Jumapili. Tulikwenda siku hiyo hiyo mchana, wote wanne, mzee wa dramu akiwa na kofia mpya. Mama aliivuta radiogramu yake mwenyewe kutoka ukutani, akaketi kando yake, akalaza viganja vyote viwili juu ya kabati. Wapangaji wakajaa mlangoni, hata yule wa pasi. Kiongozi akaweka santuri, akaongeza sauti mpaka vikombe vikaanza kutetemeka.

Mama aliukamata wimbo kwenye besi ya kwanza. Nilisimama mlangoni, sikuweza kukaribia. Nilihesabu beti kama mtu anayesubiri daktari. Gitaa zikakatika, na kwenye mbao ukabaki mguu wa yule mzee, mbili za haraka, moja ya kuvuta, moja ya kuacha. Kidole cha mama kikaanza kugonga kabati pamoja nao, sawasawa. Akainua uso na kunitafuta kati ya watu mpaka akaniona. Sauti yangu ikauliza kutoka kwenye kabati. Sidhani aliisikia. Lakini alijua yuko wapi ndani ya wimbo.

"Nawasikia!" akapiga kelele, nyumba nzima ikashtuka. "Pigeni, chai inakuja!"

Gitaa zikarudi. Watu walicheka, wengine wakapiga makofi, kiongozi akavua kofia ya yule mzee na kumbusu kipara. Chai haikuwa inakuja. Hakuna aliyeibandika, jiko lilikuwa baridi. Mke wa mwanawe akakimbia kutafuta kiberiti, nami nikachukua sufuria nikamfuata, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na nilihitaji kitu cha kushika.